Ugumu wa ndege zipitazo sauti uko mlangoni mwa injini

Tangu Rais wa Marekani atie saini, tarehe 6 Juni 2025, amri ya kuitaka mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, FAA, ifute katazo la ndege za kiraia kupita kasi ya sauti juu ya nchi kavu, habari hiyo imekuwa ikisomwa kwa namna moja tu: kwamba pingamizi lililodumu tangu 1973 lilikuwa la kisheria, na sasa kilichobaki ni kupata injini yenye nguvu ya kutosha. Miezi michache kabla ya amri hiyo, tarehe 28 Januari, ndege ndogo ya majaribio XB-1 ya kampuni ya Boom Supersonic ilikuwa imeipita sauti juu ya jangwa la Mojave na kufika Mach 1.122 (Mach 1 ni kasi ya sauti yenyewe). Oktoba 28 mwaka huohuo X-59, ndege ya NASA ya kuchunguza kelele, ikapaa kwa mara ya kwanza. Ukiyapanga matukio haya matatu kwa mfuatano unapata hadithi tamu ya mlango uliofunguliwa na wasafiri waliokwisha kujipanga kuingia. Naona hadithi hiyo imekosewa kwenye msingi wake. Kwa ndege ya abiria inayokusudia kukaa juu ya kasi ya sauti kwa saa kadhaa, sehemu inayoamua kama safari italipa ni mlango wa hewa, yaani lile bomba lililo mbele ya injini ambalo watazamaji wengi hulidhania ganda tu la kuifunika mashine. Na kuondolewa kwa katazo hakuipunguzii sehemu hiyo kazi, bali kunaiongezea.

Injini ya jeti, iwe ya ndege ya kivita au ya abiria, haiwezi kumeza hewa inayokwenda kasi kuliko sauti. Mapanga ya kompresa yake, sehemu ya mbele inayoikandamiza hewa, yameumbwa kupokea hewa iliyotulia, inayoingia kwa Mach 0.5 hivi na kusambaa sawasawa kwenye uso mzima wa injini. Ikija kwa kasi zaidi ya hapo, au ikija kwa mafungu, upande huu nyingi na upande ule haba, mapanga hupoteza mshiko, hewa hurudi mbele kwa kishindo na injini hupaliwa. Ndege inayoruka chini ya kasi ya sauti haisumbuliwi sana na jambo hili, kwa sababu mgandamizo ulioko mdomoni mwa injini hupeleka habari mbele kwa kasi ya sauti na hewa hujipanga mapema: hupunguza mwendo, hutanuka au hukwepa kabla ya kufika. Ndege ikiipita sauti, habari hiyo haiwahi tena. Hewa iliyo mbele haina dalili yoyote kwamba kuna kitu kinakuja, hivyo inakutana nacho ghafla, na badiliko lote la kasi, joto na mgandamizo hutokea ndani ya utando mwembamba kuliko karatasi, unaoitwa wimbi la mshtuko.

Hapo ndipo dhana ya kwamba injini huvuta hewa inapokwama. Katika Mach 2, kwenye kimo cha kilomita 18 ambako nje ni nyuzi 56 chini ya sifuri, hewa inaingia mlangoni kwa takriban mita 590 kwa sekunde bila kuvutwa na yeyote. Ndege ndiyo inayoipiga kikumbo. Kazi ya mlango ni kuipunguza hadi mita 190 kwa sekunde hivi, ndani ya mita chache, kwa muda wa kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Ikifanikiwa bila hasara yoyote, mgandamizo wa hewa hiyo unapanda karibu mara 8 ya ule wa nje kabla haijagusa hata panga moja linalozunguka. Katika Mach 3 ungepanda zaidi ya mara 36. Huo ni ukandamizaji ambao kompresa haiufanyii kazi, ingawa si wa bure kabisa, maana umelipiwa na msukumo wa ndege nzima. Swali la mhandisi ni moja: je, ni kiasi gani cha mgandamizo huo kitaokolewa, na kiasi gani kitageuka joto lisilo na faida?

Jibu linategemea namna ya kuipunguza hewa. Njia rahisi ni kuacha wimbi moja la mshtuko lisimame wima mbele ya mdomo. Hewa inavuka wimbi hilo ikiwa juu ya kasi ya sauti na kutoka upande wa pili ikiwa chini yake, kazi imekwisha. Lakini gharama yake hupanda kwa haraka ya kutisha. Wimbi wima katika Mach 1.3 hupoteza asilimia 2 tu ya mgandamizo ambao ungeweza kuokolewa. Katika Mach 1.7 hasara ni asilimia 14. Katika Mach 2 ni 28, na katika Mach 3 theluthi mbili nzima hutoweka. Dawa yake iliwekwa wazi na mtaalamu wa mwendo wa hewa Klaus Oswatitsch huko Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: usiisimamishe hewa kwa pigo moja, ipitishe kwanza kwenye mawimbi ya mshazari, yaliyo dhaifu, kisha umalizie na wimbi wima wakati kasi imekwisha kushuka. Ni sawa na dereva wa lori lililosheheni anayekanyaga breki kwa awamu kwenye mteremko badala ya kungoja ukingo wa bonde. Mawimbi hayo ya mshazari huzaliwa na bamba lililoinama au koni iliyochongoka mbele ya mdomo. Hesabu ya kitabuni inaonyesha faida yake vizuri: katika Mach 1.7, bamba moja lenye mwinamo wa nyuzi 10 huishusha hewa hadi Mach 1.35 hivi, na ukiongeza wimbi wima mwishoni, hasara ya jumla inakuwa asilimia 4 na ushei badala ya 14. Bamba lilelile katika Mach 2 linaacha hasara ya asilimia 13, na hapo ndipo unapohitaji bamba la pili na mengine ya ziada.

Concorde ya Uingereza na Ufaransa ndiyo ndege ya abiria iliyolichukua somo hili kwa uzito kuliko zote. Milango yake minne, miwili miwili chini ya kila bawa, ilikuwa ya umbo la mstatili, na darini mwa kila mmoja palikuwa na mabamba mawili yanayojongea, la mbele na la nyuma. Ndege ilipokuwa ikipaa, mabamba yalikaa juu ili koo, yaani sehemu ya mlango iliyo nyembamba kuliko zote, liwe pana kadiri iwezekanavyo, na kilango kidogo sakafuni kikafunguka kuingiza hewa ya ziada. Kuanzia Mach 1.3 hivi mabamba yalianza kushuka. Kufikia Mach 2, mawimbi kadhaa yalikuwa yamepangika kutoka ukingo wa juu hadi mdomo wa chini, na kati ya bamba la mbele na la nyuma pakawa na upenyo unaonyonya hewa goigoi iliyojiburuta kwenye dari, ili isifike kwenye kompresa na kuivuruga. Hewa hiyo haikutupwa. Ilipitishwa pembeni mwa injini kuipoza, kisha ikatolewa nyuma. Injini moja ikizimika ghafla katika kasi hiyo, hewa iliyokuwa inamezwa hukosa pa kwenda na kutapakaa nje ya mdomo, ikienda kuipalia injini ya jirani iliyo kando yake. Kwa hiyo mabamba yalishuka upesi na kilango cha sakafuni kikafunguka kwa nje ili kuimwaga hewa hiyo chini ya ndege. Abiria hawakupaswa kuhisi lolote zaidi ya mtikisiko.

Mpangilio huo haukupatikana kirahisi. Mnamo Januari 1971 ndege ya kwanza ya mfano, 001, ilipaliwa injini ikiwa Mach 2, na nguvu ya hewa iliyorudi ikang'oa bamba la mlango. Udhibiti wa mwanzo wa mifumo ya analogi haukuweza kuishika shabaha kwa usahihi uliotakiwa, na hatimaye kazi ikakabidhiwa kompyuta za kidijitali zilizobuniwa na kitengo cha makombora cha British Aircraft Corporation, miongoni mwa za mwanzo kabisa kupewa jukumu zito namna hiyo kwenye ndege ya abiria. Ndege iliyoanza kubeba abiria tarehe 21 Januari 1976 ilikuwa na mlango wa hewa uliofanyiwa marekebisho mengi kuliko pengine sehemu nyingine yoyote ya mwili wake.

Kuna takwimu moja ya Concorde ambayo wapenzi wa ndege hupenda kuitaja, nami naitaja kwa tahadhari: kwamba ikiwa Mach 2, asilimia 63 ya msukumo ilitoka kwenye mlango wa hewa, 29 kwenye nozeli, yaani bomba la nyuma la kutolea hewa ya moto, na 8 tu kwenye injini yenyewe. SR-71, ndege ya upelelezi ya Marekani, ina mgawanyo wake unaofanana na huo katika Mach 3.2: 54, 28 na 18 hivi. Takwimu hizi ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Anayezisikia mara ya kwanza hudhani injini ni abiria tu anayebebwa na bomba. Sivyo. Zinaeleza ni kuta zipi za chuma zinazosukumwa na mgandamizo kuelekea mbele, wala hazisemi nguvu inatoka wapi. Ndani ya mlango, baada ya koo, bomba hutanuka, hewa hupungua kasi na mgandamizo wake hupanda. Mgandamizo huo ukizisukuma kuta zilizotanuka, sehemu ya nguvu yake huelekea mbele, na huo ndio msukumo unaohesabiwa kwa jina la mlango. Zima mafuta, na mlango uleule unageuka mzigo mkubwa wa ukinzani. Ninachokubali katika takwimu hizo ni kitu chembamba zaidi lakini chenye nguvu: mlango, injini na nozeli ni mashine moja, na anayenunua injini peke yake akidhani amenunua nguvu ya ndege amenunua theluthi ya mashine.

Sasa tuwasikilize wanaoona kwamba jambo hili limetiwa chumvi. Hoja yao yenye uzito ni hii: ndege nyingi za kivita za kisasa hazina mabamba yanayojongea wala koni inayokwenda mbele na nyuma, na bado zinaipita sauti bila shida. F-16 ina mdomo wa kawaida usiobadilika chini ya tumbo na inafika Mach 2. F-22 inaweza kuruka juu ya kasi ya sauti bila kuchoma mafuta ya ziada nyuma ya injini, na milango yake haibadiliki umbo. F-35 imeondoa hata lile pengo la kutenganisha mlango na mwili wa ndege, ikaweka nundu iliyokokotolewa kwa ustadi inayoisukuma hewa goigoi pembeni. Mfano unaouma zaidi ni wa B-1, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu: toleo la kwanza, lililokusudiwa kupita Mach 2, lilikuwa na milango inayobadilika, toleo lililoingia kazini, B-1B, liliiacha, likakubali kuishia Mach 1.25 hivi, na jeshi halikujuta. Kila bamba linalojongea lina bawaba, pistoni za haidroli, vihisi na fundi wa kuvikagua. Kadiri kasi inavyokuwa ndogo, ndivyo faida ya vitu hivyo inavyomezwa na uzito wake. Ndiyo sababu Boom imelenga Mach 1.7 kwa ndege yake ya abiria iitwayo Overture, wala si Mach 2 ya Concorde. Katika Mach 1.7 hewa iliyosimamishwa hufika nyuzi 70 hivi, si 117, na mlango usio na mbwembwe nyingi bado unaweza kuokoa sehemu kubwa ya mgandamizo.

Naikubali hoja hiyo nusu. Ni kweli kwamba kuchagua kasi ya safari ni kuchagua mlango, na anayelaumu Mach 1.7 kuwa ni kurudi nyuma hajaangalia zile takwimu za hasara. Lakini mfano wa ndege za kivita haufai kubeba hitimisho linalobebeshwa. F-16 huipita sauti kwa dakika chache, kisha hurudi chini. Ikipoteza sehemu ya mgandamizo katika Mach 1.8, anayelipa ni mlipakodi na bili yake ni ndogo. Ndege ya abiria hukaa huko kwa saa tatu. Concorde iliondoka ardhini na uzito wa juu wa tani 185, na kati ya hizo tani 95 hivi zilikuwa mafuta, huku abiria 100 na mizigo yao wakiwa kama tani 10. Piga hesabu ndogo: matumizi ya mafuta yakipanda kwa asilimia 5 tu, zinahitajika karibu tani 5 za ziada, yaani nusu ya abiria washuke. Na kwa kawaida kila asilimia moja ya mgandamizo inayopotea mlangoni huondoa asilimia moja au zaidi ya msukumo. Kwenye ndege ya kawaida ya masafa marefu makosa ya namna hii hupunguza faida. Kwenye ndege ipitayo sauti yanaifuta.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayorudiwa zaidi, kwamba injini za leo zina nguvu mno kiasi kwamba hasara ya mlango inaweza kufidiwa kwa kuongeza moto. Historia imeshalijibu hili. Tu-144, ndege ya abiria ya Umoja wa Kisovyeti, ilitangulia Concorde angani, tarehe 31 Desemba 1968, lakini toleo lake la mwanzo lililazimika kuendelea kuchoma mafuta ya ziada nyuma ya injini ili lidumu katika Mach 2, wakati Concorde ilikuwa ikizima moto huo ikifika Mach 1.7. Nguvu haikuwa haba. Kilichokosekana ni mashine nzima inayoelewana, na matokeo yake yalikuwa masafa mafupi. F-111, ndege ya kivita ya Marekani iliyokuwa na injini mpya kabisa kwa wakati wake, ilisumbuliwa miaka ya mwanzo na injini kupaliwa kwa sababu hewa iliyofika kwenye kompresa ilikuwa imevurugika, hadi milango ikasanifiwa upya. Ukiongeza nguvu ya injini bila kurekebisha mlango, unaongeza kiasi cha hewa anachodai mlaji aliyekaa nyuma ya koo lilelile jembamba. Kwa kweli unaweza kuwa unaisogeza injini karibu zaidi na kupaliwa.

Na kupaliwa katika kasi hizi si jambo la kuandikwa kwa wino mwepesi. Mlango wa SR-71 ulifanya sehemu ya ukandamizaji wake ndani ya bomba, ambako koni yake ilirudi nyuma kiasi cha sentimita 66 kati ya Mach 1.6 na Mach 3.2 ili kulishika wimbi wima karibu na koo. Likikaa pale, ufanisi ulikuwa wa hali ya juu. Likisogea mbele kidogo kuliko linavyotakiwa, lilitemwa nje ya mdomo mara moja, msukumo wa upande ule ukaanguka, na ndege ikageuzwa pua kwa nguvu hivi kwamba kofia ngumu za marubani ziligonga kioo. Tarehe 25 Januari 1966 rubani Bill Weaver alikuwa kwenye kona katika Mach 3.18 wimbi la mlango wa kulia lilipotemwa. Ndege ilisambaratika. Weaver alinusurika bila hata kujirusha: alichomolewa kutoka kwenye ndege iliyokuwa ikivunjika, akashuka kwa parachuti. Mwenzake, Jim Zwayer, alifariki. Ndege za abiria zilizowahi kujengwa zimekwepa mtego huo kwa kuyaweka mawimbi yote au mengi nje ya koo, zikikubali ufanisi mdogo zaidi kwa ajili ya utulivu. Ni uamuzi wa busara, lakini ni uamuzi wenye bei, na bei hiyo huwa haiandikwi kwenye picha za matangazo.

Kuna wanaosema kompyuta zimemaliza habari hiyo, nao ndio ninaowaheshimu zaidi katika mjadala huu. SR-71 ilipowekewa udhibiti wa kidijitali miaka ya 1980, visa vya mawimbi kutemwa vilipungua mno. Leo mhandisi anaweza kukokotoa mwendo wa hewa ndani ya bomba kwa undani ambao kizazi cha Concorde kiliupata kwa miaka mingi ya majaribio kwenye handaki la upepo. Nundu ya F-35 ni mtoto wa ukokotoaji huo. Hata hivyo kompyuta inakuonyesha umbo bora kwa kasi uliyoitaja. Haikuondolei ulazima wa kuitaja. Umbo moja la chuma lisilobadilika lina kasi moja linayoipenda, na nje ya hapo linavumilia tu.

Hapo ndipo nairudia amri ya Juni. Njia ambayo Boom inaitangaza ya kuruka juu ya nchi kavu bila kishindo kufika ardhini inategemea kuruka polepole kuliko kasi ya juu ya ndege, kati ya Mach 1.1 na Mach 1.3, kutegemea hali ya hewa, ili mawimbi yapindwe na joto la tabaka za chini na kurudi juu kabla hayajagusa ardhi. Safari za XB-1 zilionyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Lakini maana yake kwa mlango ni kwamba ndege sasa ina kasi mbili za safari badala ya moja: Mach 1.7 juu ya bahari, na Mach 1.2 hivi juu ya bara, pengine kwa saa kadhaa kila moja. Lile bamba la nyuzi 10 lililotuokolea asilimia 10 ya mgandamizo katika Mach 1.7 haliwezi kabisa kushikilia wimbi la mshazari katika Mach 1.2; kwa kasi hiyo mwinamo wa juu unaoruhusiwa na fizikia haufiki nyuzi 4. Wimbi linajitenga na ukingo wa bamba na kusimama mbele yake kama ngao. Mgandamizo unaopotea si mwingi, maana kasi ni ndogo, lakini mdomo uliopimwa kwa ajili ya Mach 1.7 sasa unakutana na hewa nyingi kuliko injini inavyohitaji, na inayobaki lazima imwagwe pembeni. Hewa inayomwagwa ni ukinzani. Ukinzani ni mafuta. Katazo la 1973 lilikuwa limeirahisishia kazi Concorde kwa namna ambayo wachache huitaja: juu ya nchi kavu iliruka chini ya kasi ya sauti, na mlango ukapangwa kwa bidii yote kwa ajili ya Mach 2 juu ya maji.

Ndiyo maana naona majaribio ya hivi karibuni yamepewa uzito usio wake. XB-1 ilipumzishwa baada ya safari yake ya tarehe 10 Februari 2025 bila kufika hata Mach 1.2. Katika kasi hiyo hata wimbi moja wima hupoteza chini ya asilimia moja. Mlango wa aina yoyote ungefaulu mtihani huo. Injini zake tatu za J85 ni muundo wa miaka ya 1950, tofauti kabisa na Symphony, injini ya Overture ambayo Boom inaitengeneza baada ya Rolls-Royce kujitoa mwaka 2022. X-59 nayo imeuweka mlango wake mgongoni, nyuma ya chumba cha rubani, ili mawimbi yanayozaliwa mdomoni yaelekee juu na yasishuke kwa watu. Kwa ndege ya kuchunguza kelele hilo ni jibu zuri, ingawa mlango wa mgongoni hula hewa iliyokwisha kutambaa kwenye mwili mzima wa ndege, na kwa ndege ya abiria yenye injini nne sidhani kama ni mfano wa kuigwa moja kwa moja. Hakuna kati ya hizi mbili iliyojibu swali la Mach 1.7 kwa saa tatu.

Kwa mashirika ya ndege yaliyoagiza, na kwa wawekezaji wanaotajiwa tarehe, maswali ya maana basi ni ya kifundi na yanajibika kwa namba. Mlango wa ndege hii unaokoa asilimia ngapi ya mgandamizo katika Mach 1.7, na ngapi katika Mach 1.2, na ukinzani wa hewa inayomwagwa ni kiasi gani katika kasi hiyo ya pili? Una sehemu zinazojongea, na kama hauna, nani amelipia hasara ya kasi isiyopendwa, mafuta au idadi ya viti? Injini ikizimika katika kasi ya juu, hewa iliyokuwa imemezwa inamwagwa kupitia wapi? Na mlango huo, ukiwa na injini yake halisi nyuma yake, umeshapimwa pamoja kwenye handaki la upepo au bado unaishi ndani ya kompyuta? FAA inaweza kuandika kanuni ya kelele kwa miezi kadhaa. Timu ya Concorde, ikiwa na serikali mbili nyuma yake, iliihangaikia milango minne tangu ndege ya kwanza iliporuka Machi 1969 hadi ilipopokea abiria 1976, na ilikuwa ikiipangia kasi moja.